Alama ya Kidole Gumba Chini ya Rangi ya Kijani

Wiki tatu baada ya kuipaka rangi injini yangu ndogo ya mvuke, niliona alama ya kidole gumba kwenye kitako chake cha chuma, upande wa kulia, karibu na tundu la bolti. Nilidhani ni uchafu, nikaifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, lakini haikutoka, kwa kuwa haikuwa juu ya rangi bali chini yake: mistari ya ngozi ilikuwa imejichora yote kwa vipele vya kutu, kila kipele kidogo kuliko chenga ya mchele, vikiisukuma rangi ya kijani kutoka ndani. Niliweka gumba langu juu yake na likaenea barabara. Siku ya kupaka nilikuwa nimekinyanyua kitako hicho mara moja tu kwa mkono mtupu, kukihamisha kutoka gazeti moja kwenda jingine, na mara hiyo moja ilitosha.

Ninaandika haya kwa ajili ya wenzangu wachache wa mikoa hii ya kusini wanaopenda kuunda vyuma vidogo, na pia kwa yeyote anayepaka rangi cherehani, pampu au baiskeli ya zamani huku akiishi hatua chache kutoka baharini. Maelekezo mengi niliyoyasoma kabla ya kuanza yaliandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao shida yao kubwa ni karakana isiyopata joto. Hapa Mikindani joto halijawahi kutuishia. Shida yetu ni maji: yaliyo hewani, yaliyo vidoleni, yaliyo kisimani na yaliyojificha ndani ya mpira wa kompresa, na karibu yote hayo yana chumvi.

Injini yenyewe ni ya wima, yenye silinda moja ambayo kipenyo chake cha ndani ni milimita 19, pistoni inayopanda na kushuka kwa urefu huohuo, na flaiwili, yaani gurudumu zito la kutunza mzunguko, ya milimita 76 hivi. Waunda injini ndogo wanaifahamu kwa jina la 10V, na ni ya kampuni ya Stuart Turner ya Henley-on-Thames, Uingereza, iliyokuwa ikiuza vipande vilivyosubiwa pamoja na michoro yake ili mnunuzi avikereze na kuviunga mwenyewe. Marehemu mjomba wangu, ambaye ujana wake wote uliishia katika vyumba vya injini vya meli za mizigo, alirudi nayo nyumbani ikiwa ndani ya boksi, akaikereza kidogo kidogo kila alipopata nafasi kwenye mashine ya rafiki yake, akaiundia na boila, yaani chombo cha kuchemshia maji ya mvuke, ya shaba nyekundu kwa lehemu ya fedha, na akafariki kabla hajaipaka rangi. Huku kwetu mjomba ana uzito wake, na kitu alichokuachia huwezi kukisukuma uvunguni ukakisahau.

Hata hivyo tulikisahau. Boksi lilikaa miaka sita katika stoo ya shambani, ubavuni mwa mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho, na nilipolifungua boila ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Salfa haina urafiki na shaba: huishika na kuigeuza juujuu kuwa utando mweusi, na haihitaji hata kuigusa, kwa kuwa mvuke mdogo unaotoka kwenye unga wenyewe hutosha endapo muda ni mrefu na mlango umefungwa. Sehemu za chuma zilikuwa na kutu ya kawaida ya pwani, ile ya rangi ya hina. Mpwa wangu, aliyekuwa akinishikia tochi, aliuliza, "Mjomba, hii ni treni?" Nilimwambia hapana, lakini swali lake halikuwa la kijinga. Kutoka bandarini Mtwara kwenda Nachingwea palikuwa na reli, iliyojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza. Mradi ukavunjwa mwaka 1951, na reli yenyewe ikaondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mtoto wa Mtwara wa leo anaijua treni kwa picha, na kitu chochote chenye flaiwili na moshi kwake ni treni.

Kuisafisha shaba nilifuata njia ya bibi zetu, yaani ndimu na chumvi, ile inayorudisha sinia la shaba mng'ao kabla ya harusi. Weusi ulitoka kwa dakika chache na boila ikawa nyekundu kama imetoka kiwandani. Kisha nikaisuuza, pamoja na kitako, nguzo na vifuniko vya silinda, kwa maji ya kisima chetu. Hapo ndipo kazi ilipoharibika, siku mbili kabla ya kopo la rangi kufunguliwa, na mimi nikiwa nimejaa furaha kwa jinsi vyuma vilivyokuwa safi machoni.

Maji ya kisima cha jirani na bahari yana chumvi hata pale yanapokunyweka. Yanapokauka juu ya chuma, chumvi hubaki, na haionekani. Tatizo ni kwamba rangi, hata iliyo nzuri, si kioo. Mvuke wa maji hupenya ndani yake polepole. Penye chumvi chini ya rangi, chumvi huyaita maji, maji hukusanyika mahali hapo, rangi huinuka kama lengelenge, na ndani ya lengelenge hilo kutu hupata kila kitu inachohitaji. Jasho la mkono nalo ni maji ya chumvi yenye asidi kidogo, ndiyo maana gumba langu lilichapika kwa uaminifu ule. Ukipasua moja ya malengelenge hayo kwa sindano katika wiki za mwanzo, hutoka kijitone cha maji. Nilivionja viwili kwa ncha ya ulimi, jambo ambalo simshauri mtu, na vilikuwa na chumvi.

Sasa nina ndoo ya maji ya mvua yenye kifuniko, ambayo haitumiki kwa kazi nyingine, na mama watoto ameizoea. Maji hayo nayachukua baada ya mvua kuwa imekwisha kuosha paa kwa muda wa kutosha, kwa sababu mabati yetu nayo hupokea chumvi ya upepo wa bahari. Kuyapima ni rahisi: dondosha tone moja juu ya kipande cha kioo safi, liache likauke kivulini, kisha kitazame kioo dhidi ya mwanga. Tone la kisima changu huacha duara jeupe lenye ukingo kama sarafu. Tone la maji ya mvua huacha kivuli ambacho ni lazima ukitafute. Shaba nami sasa naisafisha kwa ndimu peke yake, bila chumvi. Inachukua muda mrefu zaidi na inahitaji msasa laini kusaidia, lakini hakuna kinachobaki kwenye maungio ya lehemu.

Baada ya kuikwangua rangi yote ya kwanza, kazi iliyonichukua siku nne na kunimalizia nguo mbili za zamani, niliamua upya ni nini hasa kinachostahili kupakwa. Mtu anayeanza huwa na tamaa ya kupaka kila kitu, nami sikuwa tofauti. Kwenye injini hii rangi inahusu kitako, nguzo zinazobeba silinda, mwili wa silinda kwa nje, na mikono ya flaiwili pamoja na upande wa ndani wa ukingo wake. Krenki, fimbo ya pistoni, fimbo ya vali, njia anayopita mtelezi (kipande kinachoiongoza fimbo ya pistoni iende wima), uso wa nje wa flaiwili na kila kitu cha shaba ya njano hubaki wazi, vikiwa vimesuguliwa. Kuna sababu ya kiufundi na kuna sababu ya macho. Ya kiufundi ni kwamba sehemu inayoteleza itaikwangua rangi na kuigeuza unga wa kusagia beringi. Ya macho ni kwamba injini iliyopakwa mpaka kwenye fimbo hufanana na sanamu ya injini, na mimi nikiiona huumia kama fundi cherehani anapoona kanzu iliyopigwa pasi pamoja na vifungo.

Kuna nyuso nyingine zinazosahaulika kwa kuwa hazionekani baada ya injini kuungwa, nazo ni pale nguzo zinapokaa juu ya kitako na pale silinda inapokaa juu ya nguzo. Mjomba alizikereza nyuso hizo hadi zikalala sawasawa. Ukiweka chini ya ubavu mmoja wa nguzo utando wa rangi wenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, ambao kwa brashi nzito ni rahisi kuufikia, silinda huinama, na kwenye injini yenye pistoni ya milimita 19 mwinamo huo unausikia kwa mkono unapozungusha flaiwili: inakuwa nyepesi nusu mzunguko na nzito nusu nyingine. Nyuso hizo nilizifunika kwa maskintepu, nikaikata kwa wembe kufuata ukingo. Matundu ya bolti niliyaziba kwa skrubu chakavu, na yale madogo kwa njiti za kiberiti zilizochongwa. Boila haikuguswa kabisa, kwa sababu kwa desturi ya waunda injini ndogo boila mpya hujazwa maji na kusukumwa hadi shinikizo mara mbili ya lile la kazi kabla haijapambwa kwa chochote, na rangi ingeweza kuuficha mwanya wa lehemu siku ya jaribio.

Chuma kilichosubiwa hutoka kwenye mchanga, na uso wake hubeba alama za chembe za mchanga huo. Wapo wanaopenda uso wa namna hiyo. Mimi naona kwamba chembe iliyokuwa ya kawaida kwenye injini ya ukubwa wa nyumba hugeuka mwamba kwenye injini ya ukubwa wa kikombe cha chai. Nilipitisha tupa, nikajaza mabonde kwa bodi fila, nikasugua, nikaridhika. Jirani yangu ni mzee mchonga vinyago, ambaye mpingo anaujua kuliko ninavyoijua hesabu niliyoifundisha kwa miaka 31. Alipita siku hiyo kuazima jiriwa. Nilimpa kitako akitazame. Hakukitazama. Alifumba macho, akapitisha juu yake upande wa ndani wa kifundo cha mkono, polepole, mara mbili, akasema, "Mwalimu, hapa pana bonde."

"Mzee wangu, mimi silioni."

"Hulioni kwa kuwa chuma chako hakijang'aa. Kikishang'aa tutaliona hata sisi wenye mtoto wa jicho."

Nilichukua penseli laini nikaupaka uso wote weusi hafifu, nikazungushia msasa wa namba 400 kwenye kipande cha mti kilichonyooka, nikasugua kwa mapigo machache yanayokwenda upande mmoja. Penseli ilifutika kila mahali isipokuwa sehemu moja yenye umbo la jani la mwembe, urefu wake kama kucha mbili, palepale alipokuwa ameonyesha. Nikajaza tena, nikasugua tena. Tangu siku hiyo sipaki kitu bila kwanza kupitisha penseli, na kitako nilipomaliza kukisugua nilikiosha chote upya, kwa sababu kifundo cha mkono wa mzee nacho kina jasho lake.

Kuosha kwenyewe kuna hatua ambazo sasa sizibadilishi. Kwanza tapentaini na mswaki wa zamani, ili grisi na mafuta ya kukerezea yatoke kwenye kona. Kisha maji ya moto ya mvua yenye sabuni kidogo ya vyombo. Kisha maji ya mvua matupu, mara mbili. Chuma kikitoka humo kikiwa cha moto hujikausha chenyewe kabla kutu haijaamka, na kuanzia hapo mkono hauruhusiwi kukigusa. Nakishika kwa waya uliopitishwa kwenye tundu la bolti, au kwa glavu zile nyembamba zinazouzwa maduka ya dawa. Praima, yaani rangi ya kwanza inayoshikilia nyingine, inatakiwa ipakwe ndani ya saa hiyohiyo. Kwa chuma natumia redi oksaidi ya kawaida, iliyochujwa kwa kitambaa cha soksi nyembamba, kwa kuwa ile ya kopo kubwa inayotengenezewa mageti ina chembe ambazo kwenye geti hazina neno. Kwa shaba, redi oksaidi haitoshi: rangi yoyote ikikauka juu ya shaba iliyo laini hutoka kwa ukucha kama ganda la yai lililochemshwa, na kinachohitajika ni praima ya asidi, inayouma uso wa shaba kidogo inapokauka. Niliiagiza Dar es Salaam na ikaja na basi, ikiwa imefungwa ndani ya kibuyu cha maji.

Sasa nieleze juu ya ukungu, maana hapo ndipo nilipojifunza zaidi.

Safari ya pili ya kupaka ilikuwa mwezi wa Aprili. Fundi mmoja wa gereji, kijana mwenye mkono mzuri, alikubali nitumie kompresa yake baada ya kazi, na nikanunua rangi ya NC, ile ya magari inayoyeyushwa kwa thina na kukauka kwa dakika chache. Mvua ilikuwa imenyesha mchana na kukatika. Saa kumi na mbili jioni hewa ilikuwa tulivu, hakuna vumbi, na niliona nimebahatika. Nilipuliza pigo la kwanza kwenye nguzo, na kijani kikatua kikiwa kimelowa na kinang'aa. Nikageuka kuchukua kitako. Niliporudi, nguzo zilikuwa zimepauka, nyeupe kama zimepuliziwa unga wa muhogo, na weupe huo ulikuwa unatambaa kuelekea chini huku nikitazama.

Kinachotokea ni hiki. Thina ya NC huruka upesi mno, na inaporuka hubeba joto la mahali ilipokuwa, kama spiriti inavyopoza ngozi kabla ya sindano. Uso wa rangi hupoa ghafla kuliko hewa inayouzunguka. Hewa ikiwa imejaa unyevu, kupoa huko kidogo hutosha kuugeuza mvuke kuwa matone, na matone hayo hutua juu ya rangi ambayo bado ni mbichi na kuingia ndani yake. Rangi na maji havichanganyiki. Sehemu ya rangi hujikusanya na kuganda kwa chembe ndogondogo, mwanga hutawanyika kati yake, na jicho linaona nyeupe. Kipimo changu kidogo cha unyevu, nilichokinunua baadaye, kinanionyesha kwamba jioni za Aprili hapa kwetu huwa asilimia 88 na zaidi. Fundi alikuja akatazama, akatikisa kichwa. "Mwalimu, umepaka na umande. Hii rangi haitaki magharibi." Alinipa thina ya polepole nipulizie juu kwa wepesi ili rangi ilainike na kuachia maji, na kweli nusu ya weupe ilirudi kuwa kijani, lakini mng'ao haukurudi tena.

Kwa wanaopaka matangi na madaraja ipo kanuni kwamba chuma kiwe na joto linalozidi kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo huanza kutoa maji, kwa nyuzi 3 angalau, na kanuni hiyo inafaa kwa kitu cha ukubwa wa ngumi vilevile. Mimi huitimiza bila hesabu. Vipande vilivyo tayari naviweka juu ya bati kwenye jua, chini ya kipande cha kioo kinachozuia vumbi, kwa muda wa nusu saa, mpaka viwe na joto kama la kikombe cha chai kilichoachwa kidogo. Chuma chenye joto hilo hakiwezi kutoa jasho. Saa za kazi ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Kabla ya hapo umande bado upo kwenye majani, na baada ya hapo upepo wa baharini huanza kuleta chumvi na mchanga wa ufukweni. Miezi ni kuanzia Juni hadi Septemba, wakati wa kusi, mvua ikiwa imekwisha.

Bahati mbaya miezi hiyohiyo ndiyo ya kupulizia salfa kwenye mikorosho. Asubuhi na mapema, majani yakiwa bado na umande ili unga ushike, mashine za kubeba mgongoni huanza kunguruma na wingu la manjano hupita juu ya paa bila kuuliza nani anapaka nini. Nashukuru kwamba kazi hiyo huisha kabla ya saa nne. Hata hivyo sipaki siku ambayo kuna shamba lililopuliziwa upande wa kusi.

Mwezi wa Julai, nikiwa na hewa kavu na chuma chenye joto, niliharibu tena kwa ujanja. Ili rangi isishike kwenye njia ya mtelezi, badala ya kukata maskintepu kwenye kona ngumu, nilipaka mafuta ya mgando, nikijua kwamba rangi haitashika juu yake. Haikushika kweli. Lakini chuma kilikuwa cha moto, mafuta yakayeyuka, yakatambaa chini ya nguzo, na kila yalipofika rangi ilijikunja na kuacha vishimo vya mviringo vyenye ukingo ulioinuka, kama macho ya dagaa. Dawa yake ni moja tu, nayo ni kukwangua hadi chini na kuosha upya.

Agosti nilikata shauri kuachana na NC. Kwa gari inalipa, na ningekuwa Dodoma ningeendelea nayo, lakini kwa injini ndogo ya pwani nimeona rangi ya mafuta inayopakwa kwa brashi ni tulivu zaidi. Hukauka kwa kuvuta oksijeni ya hewani, polepole, hivyo haijipozi ghafla, na hujilaza yenyewe alama za brashi zikapotea iwapo umeipunguza kwa tapentaini kiasi cha sehemu moja kwa kumi. Jambo moja fundi alinionya mapema, nami nalirudia hapa: rangi ya mafuta inaweza kupakwa juu ya NC iliyokauka, lakini NC ikipulizwa juu ya rangi ya mafuta, thina yake huinyanyua ile ya chini na uso wote hukunjamana kama ngozi ya maziwa. Nilitumia brashi laini ya upana wa milimita 12, mapako mawili mepesi, siku tatu kati ya moja na nyingine, na msasa wa namba 1000 wenye maji katikati.

Kisha nikaoka. Mvuke wenye shinikizo la bar 2 kwenye geji una joto la nyuzi 134 hivi za sentigredi, na ingawa mwili wa silinda kwa nje haufiki huko, rangi ambayo haijapata joto kabla ya kazi italainika siku ya kwanza na kushika kila alama ya kidole. Hatuna oveni. Ila mama watoto huoka keki kwa sufuria yenye mchanga chini, moto kidogo wa mkaa chini na makaa mengine juu ya kifuniko, na sikuona kwa nini silinda isiokwe vivyo hivyo. Niliacha rangi ikauke siku tano nzima kwanza, kwa sababu mvuke wa tapentaini na makaa ni hatari, nikafanya kazi nje, na joto nikalipima kwa tone la maji juu ya kifuniko, ambalo lilitakiwa likauke taratibu bila kuchacharika. Saa moja na nusu. Rangi ilitoka ngumu, ikiwa imekoza kidogo, na ukucha hauingii. Sufuria haikurudi jikoni. "Baba, hiyo sasa ni ya injini yako," niliambiwa, na kesho yake nikatumwa sokoni kununua nyingine, namba kubwa zaidi.

Boksi la moto na bomba la moshi vilihitaji rangi tofauti, ile nyeusi ya ekzosi za pikipiki inayostahimili mamia ya nyuzi, na hiyo hukamilika kwa moto wenyewe, ukiwashwa kidogo, ukaachwa upoe, ukaongezwa. Haina mengi ya kusimulia. Silinda nimeivika vipande vyembamba vya mpingo, ambavyo mzee jirani alivichana kutoka kwenye mabaki ya kinyago, vikashikwa na mikanda miwili ya shaba ya njano.

Sehemu zisizopakwa rangi zinaishi kwa mafuta tu, na kwa hilo nina imani zaidi kuliko niliyo nayo kwa rangi yenyewe. Meli iliyo Ziwa Tanganyika, ambayo leo tunaiita Liemba, ilizamishwa na Wajerumani mwaka 1916 ili isitekwe, na wahandisi wake waliipaka injini grisi nzito kabla ya kuiacha iende chini. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Kila nikiipaka fimbo ya pistoni mafuta kwa kitambaa cha pamba huwakumbuka watu hao, waliokuwa wakitunza kitu wasichojua kama watakiona tena.

Flaiwili bado. Mjomba aliiacha ikiwa na mtikisiko kidogo, nikaipeleka kwa mkerezaji mwezi wa Septemba ili ainyooshe ukingo, akaniambia wiki moja, na nimeirudishiwa juzi, mwezi wa Desemba, mvua ya kwanza ikiwa imekwisha kunyesha na kipimo changu kikisoma asilimia 84 saa tano asubuhi. Imekerezwa vizuri mno. Ukiizungusha kwa kidole husikii kitu. Nimeiosha kwa maji ya mvua, nikaikausha juani katika saa moja ya jua tuliyoipata, nikaipaka yote mafuta, nikaizungushia karatasi na kuiweka kwenye ndoo yenye mchele wa kunyonya unyevu. Mpwa wangu anataka kuiona injini ikizunguka sikukuu hii, na nimemwambia itazunguka, lakini flaiwili yake itakuwa ya chuma kitupu hadi Juni. Alipoiomba aishike, nilimpa kwanza kitambaa.